Kuteleza kwenye Theluji St. Moritz: Mwongozo wa Anayeanza na Kulala Hoteli ya Kifahari

Anayetafuta likizo ya theluji ya kifahari huanza kwa kutazama picha za vyumba: dirisha pana, ziwa lililoganda, kilele cha mlima kinachong'aa. Picha hizo hazidanganyi. Ila kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, chumba ndicho kitu cha mwisho kitakachoamua kama wiki itakuwa tamu au chungu. Kinachoamua ni umbali kutoka hotelini hadi kwenye mteremko wa wanaoanza, mwalimu anayekungoja pale, na buti ulizovaa. Pesa zako zianzie hapo. Zikibaki, ndipo uulizie dirisha.

Nimeuchagua mji wa St. Moritz, katika bonde la Engadin kusini-mashariki mwa Uswisi, kwa sababu mtindo huu wa likizo ulikomaa huko. Husimuliwa kwamba mwaka 1864 Johannes Badrutt, mwenye hoteli ya Kulm, aliwaambia wageni wake Waingereza wa kiangazi warudi wakati wa baridi. Wasipofurahi, nauli juu yake. Wakaja Krismasi, wakaondoka Pasaka wakiwa wameiva kwa jua. Mwanawe, Caspar, akafungua Badrutt's Palace mwaka 1896, na mji huo ukaandaa Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1928 na 1948. Mengi ya mwongozo huu yatakufaa hata ukienda miji mingine ya theluji ya milima ya Alps, kama Zermatt, Courchevel au Lech.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, hoteli baadaye

Hoteli kubwa za St. Moritz hufunguliwa kwa msimu wa baridi mwanzoni mwa Desemba na kufungwa karibu na mwanzo wa Aprili. Ndani ya miezi hiyo minne bei hupanda na kushuka sana.

Krismasi na Mwaka Mpya ndio wakati ghali kuliko wote, na hoteli nyingi hazipokei mtu wa siku mbili tatu. Katikati ya Januari mji hutulia, ila baridi ni kali. Usiku kipimo hushuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri, na jua hujificha mapema. Mwisho wa Januari huja mashindano ya polo juu ya ziwa lililoganda. Februari kuna White Turf, mbio za farasi juu ya ziwa hilohilo, zilizoanza mwaka 1907. Shule nyingi za Ulaya nazo huwa likizoni, kwa hiyo foleni za lifti, zile za kupandisha watelezaji mlimani, hurefuka.

Kwa anayeanza, mimi nasema Machi. Siku ni ndefu, jua lina nguvu, na kuanguka saa tano asubuhi kwenye theluji iliyolainika kidogo si sawa na kuanguka Januari kwenye theluji ngumu kama saruji. Hasara yake ni kwamba miteremko inayotazama kusini hugeuka uji ikifika saa nane mchana, basi masomo yako yote yawe ya asubuhi. Jumapili ya pili ya Machi pia huwa na Engadin Skimarathon, mbio za kilomita 42 zilizoanza 1969, na vyumba huwa vigumu kupata.

Waislamu watazame kalenda mara mbili, maana miaka hii Ramadhani inakatiza msimu wa theluji. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, na Idi kuangukia karibu tarehe 10 Machi. Pasaka ya mwaka huo ni tarehe 28 Machi. Kati ya hizo mbili kuna nafasi nzuri, hasa baada ya mbio za tarehe 14.

Hatua ya 2: Viza na bima

Uswisi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15; ada ya mtu mzima ni euro 90. Usingoje siku 15. Miadi ya kuwasilisha fomu katika miji yetu hujaa, na Desemba ni mbaya zaidi.

Bima ndiyo inayowaponyoka wengi. Viza inakutaka uwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ukishaipata unajiona umemaliza. Soma maandishi madogo: bima nyingi za namna hiyo zinaitenga michezo ya theluji. Unahitaji inayotaja kwa jina kuteleza kwa skii, uokoaji mlimani, helikopta, na madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Kumgonga mtelezaji mwenzio na kumvunja mguu ni kesi ya pesa nyingi.

Kuna nyongeza moja ya bei nafuu. Rega, shirika la Uswisi la uokoaji wa angani lililoanzishwa mwaka 1952, hupokea wafadhili kwa mchango wa kuanzia faranga 40 za Uswisi kwa mwaka, na mfadhili akiokolewa nchini humo, shirika linaweza kumsamehe gharama ambazo bima yake haizilipi. Namba yao ya dharura ni 1414. Iandike kwenye simu kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 3: Hoteli, na maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mji umegawanyika. St. Moritz Dorf uko juu ya ziwa, kwenye mita 1,822, na ndiko maduka yalipo, St. Moritz Bad uko chini, tambarare. Mlima wa kuteleza ulio juu ya mji unaitwa Corviglia. Kutoka Dorf unapandishwa na treni inayovutwa kwa kamba ya chuma, inayopitia Chantarella hadi mita 2,486. Kutoka Bad kuna gari la waya la Signal.

Kulm na Badrutt's Palace ziko Dorf. Unatoka mlangoni na uko mjini, na kituo cha treni ya mlimani hakiko mbali, ingawa mtu aliyevaa buti za skii mita mia tatu huziona kama kilomita tatu. Grand Hotel des Bains iko Bad, karibu kabisa na gari la Signal. Suvretta House, iliyofunguliwa mwaka 1912, imejitenga upande wa magharibi wa mji na ina lifti yake. Unavaa skii hapohapo nje na jioni unarudi ukiteleza. Familia yenye watoto wanaoanza ningeipeleka Suvretta bila kufikiri mara mbili. Wanandoa wanaotaka pia kutembea jioni, kutazama vito na kunywa chokoleti ya moto, Dorf.

Bei? Katika hoteli za daraja hili, chumba cha wawili wakati wa kilele huvuka faranga 1,000 kwa usiku, na mbali zaidi ya hapo. Chumba kinachotazama ziwa huongezewa bei kubwa. Fikiri kidogo: asubuhi unaondoka na mapema, mchana uko mlimani, jioni uko spa au mezani, na usiku ziwa halionekani. Chukua chumba cha upande wa pili, tofauti ile ukamlipe mwalimu.

Kabla ya kuweka amana, waandikie hoteli barua pepe na uulize hivi:

- Je, bei ina kifungua kinywa peke yake, au na chakula cha jioni? Kula nje kila usiku St. Moritz kutakumaliza.
- Je, wanauza pasi ya lifti kwa bei ya wageni wa hoteli? Hoteli nyingi za Engadin zina mpango huo. Bila mpango huo, bei za pasi hupanda na kushuka kama tiketi za ndege. Anayenunua mapema mtandaoni hulipa kidogo.
- Gari la hoteli huwapeleka wageni kwenye treni ya mlimani saa ngapi, na hurudi saa ngapi?
- Je, duka la kukodisha skii limo humohumo ndani?
- Nikighairi, amana yangu inarudi hadi siku gani?

Siku hiyohiyo unayothibitisha chumba, mchukue na mwalimu. Shule ya Schweizer Skischule St. Moritz, ya tangu 1929, ndiyo kongwe zaidi Uswisi, na walimu wake utawajua kwa mavazi yao mekundu. Omba mwalimu wa peke yako, asubuhi tu, na awe yuleyule siku zote. Saa tatu kwa siku zinatosha. Za mchana miguu haisikii tena. Watoto wa kuanzia miaka minne mitano hujifunza vizuri zaidi wakiwa kundini na wenzao, na wewe unapumua.

Hatua ya 4: Mwili

Wiki sita kabla ya safari anza kuchuchumaa na kuinuka, seti tatu kila siku, na kukaa bila kiti huku mgongo umeegemea ukuta mpaka mapaja yatetemeke. Anayeumia theluji mara nyingi huumia goti, na goti hulindwa na misuli ya paja.

Mwinuko nao una habari yake. Nairobi iko karibu mita 1,800, kwa hiyo Mnairobi anashuka kwenye treni St. Moritz akiwa kwenye mwinuko wa kwao, na mtu wa Eldoret au Iten kwa hakika ameteremka. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Muscat ndiye atakayehema akipanda ngazi siku ya kwanza. Siku hiyo anywe maji mengi, alale mapema, na asikimbilie kilele cha Piz Nair, ambacho ni mita 3,057.

Ukiweza, onja kabla. Ndugu walioko Ghuba wana Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, iliyofunguliwa mwaka 2005: mteremko wa ndani, mita 400 kwa njia ndefu kabisa. Kusini mwa Afrika kuna Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, ambako baridi ni Juni hadi Agosti. Saa mbili tu za sehemu hizo zitakufundisha kusimama na kusimamisha skii, ili usilipie somo hilo kwa bei ya Uswisi.

Hatua ya 5: Njiani

Uwanja wa ndege ni Zurich. Kutoka hapo panda treni: unabadilisha kituo kikuu cha Zurich, kisha Chur, na jumla ni saa tatu na nusu hivi. Gari la kukodi liache. Utaendesha kwenye barabara yenye theluji ambayo hukuizoea, na hotelini utalilipia maegesho wiki nzima bila kuligusa.

Tena kipande cha Chur hadi St. Moritz peke yake kinastahili nauli. Ni reli ya Albula, iliyofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kwenye daraja la Landwasser, lenye urefu wa mita 65 kwenda juu, treni inakunja kona angani na kuingia moja kwa moja ndani ya mwamba. Simu iwe mkononi mapema, maana hupita kwa sekunde chache.

Iarifu hoteli saa ya treni yako. Hoteli hizi huwapokea wageni stesheni na kubeba mizigo, na Badrutt's Palace inajulikana kwa kutuma Rolls-Royce.

Hatua ya 6: Buti

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu buti mbaya zimeharibu likizo nyingi kuliko dhoruba.

Usinunue. Kodisha, na ukodishe jioni ya kufika, duka likiwa tulivu, si asubuhi ya siku ya kwanza ambapo kila mtu ana haraka. Namba za buti za skii hufuata urefu wa mguu kwa sentimita: mguu wa sentimita 26.5 huvaa 26.5. Basi sahau namba ya viatu vyako vya ofisini na ukubali kupimwa.

Vaa soksi moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hazileti joto. Zinabana damu na miguu inaganda. Suruali ya ndani isiingie kwenye buti, ishie juu yake, la sivyo mkunjo utakuchuna ngozi ya muundi. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kwa mbali. Ukikunja magoti na kusukuma muundi mbele, vidole viachie na kisigino kisiinuke. Buti ikubane kama mtu anayekushika mkono kwa salamu ya nguvu: unahisi, ila huumii. Tembea dukani dakika kumi. Pakikuuma mahali, sema, na kesho ukiumwa tena rudi ubadilishe; kubadilisha ndani ya wiki ni jambo la kawaida na usione haya.

Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu. Sema kweli. Kwa takwimu hizo anapima nguvu ya vifungo vinavyoshika buti kwenye skii, ambavyo vinatakiwa kuachia ukianguka. Aliyejiongezea uzoefu kwa kujikweza, vifungo vyake hukataa kuachia, na goti ndilo hulipa. Skii za anayeanza ziwe fupi, ncha ifike kati ya kidevu na pua.

Vyote hivyo hulala kwenye chumba cha skii cha hoteli, ambako buti hukaushwa na kupashwa moto usiku. Asubuhi mhudumu anakukabidhi zikiwa na joto, na mara nyingi anakusaidia kuzifunga. Hiyo ndiyo anasa ninayoiona ina thamani yake kamili.

Hatua ya 7: Nguo, nywele, ngozi

Tabaka tatu: ya ndani ya sufu nyepesi au ya kitambaa cha michezo, ya kati ya flisi, kitambaa chepesi chenye manyoya, ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Pamba usiivae mlimani kabisa. Ikinywa jasho hukauka kwa shida na hukupoza mwili. Glavu ziwe zisizopitisha maji. Jaketi na suruali baadhi ya maduka hukodisha, nayo ni busara kwa mtu ambaye akirudi Tanga hatazivaa tena.

Helmeti ni lazima kwa mwenye akili, ingawa sheria haimlazimishi mtu mzima. Akina dada, msisuke rasta nene za kufunga juu kabla ya safari, maana helmeti haitaingia. Mistari inayolala kichwani na kushukia shingoni ndiyo inayofaa. Mwenye hijabu achukue ile ya michezo, nyembamba na isiyohitaji pini.

Hewa ya Engadin ni kavu mno. Paka mafuta mazito usoni na midomoni, na juu yake mafuta ya kuzuia jua. Weusi wa ngozi hautakuokoa: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi ya jua, kwa hiyo unapigwa kutoka juu na kutoka chini, hadi ndani ya pua. Miwani ya theluji iwe ya vioo viwili vya kubadilisha, cha jua kali na cha mawingu. Siku ya mawingu, kwa kioo cheusi, huoni tuta wala shimo.

Hatua ya 8: Siku nne za mwanzo

*Siku ya kwanza.* Eneo la wanaoanza la Corviglia ni Salastrains, juu kidogo ya Chantarella. Hakuna mteremko wa kutisha. Kuna mkanda unaotembea ardhini, unaukanyaga nao unakupandisha. Mwalimu atakuonyesha kuvaa skii: kung'uta theluji iliyoganda kwenye soli, ingiza ncha ya buti, kisha kanyaga kwa kisigino mpaka usikie mlio.

Baada ya hapo ni kazi ya kusimama. Magoti yamekunjwa, mikono mbele, muundi umeegemea ulimi wa buti. Kila anayeanza huegemea nyuma kwa woga, na kadiri anavyoegemea nyuma ndivyo skii zinavyomkimbia, kwa kuwa uzito umetoka kwenye sehemu inayoshika theluji. Inatakiwa ufanye kinyume cha woga wako: mteremko ukikutisha, inama mbele. Breki yake ni kuzipanga skii kama kabari, ncha zimekaribiana bila kugusana na mikia imepanuka, kisha kusukuma nje kwa visigino. Utasikia walimu wakiwapigia watoto kelele "pizza!", ndiyo hiyo.

Ukiona unaanguka, angukia ubavuni. Kuinuka kuna siri moja: kwanza zigeuze skii zikatize mteremko, ziwe upande wa bonde kuliko mwili wako, ndipo ujisukume kwa mkono. Zikiwa zimeelekea chini utainuka, utateleza, utaanguka tena.

*Siku ya pili* ni kukata kona. Geuza macho na mwili kule unakotaka kwenda, bana uzito kwenye mguu wa nje. Kona ya kulia hubebwa na mguu wa kushoto. Inachanganya mpaka ghafla haichanganyi.

*Siku ya tatu* mapaja yatakuwa yanawaka. Teleza saa moja na nusu, kisha nenda kwenye bwawa la maji moto la hoteli. Wenye ubishi huumia siku hii.

*Siku ya nne* ndipo lifti ya viti na njia ya bluu. Uswisi hupaka rangi hivi: bluu rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu, vigingi vya njano ni njia zisizosawazishwa, hazikuhusu. Kwenye lifti ya viti, shika fimbo zako za kutelezea zote kwa mkono mmoja, tazama nyuma kiti kinapokuja, kaa, teremsha kizuizi. Kufika juu, inua ncha za skii, simama, nyooka mbele na uondoke upesi, maana walio kiti cha nyuma wanakujia.

Hatua ya 9: Sheria za mlimani

Mlima una sheria kumi za shirikisho la kimataifa la skii, FIS, na mahakama za Uswisi huzitumia. Kubwa kwako: aliye mbele, yaani chini yako, ana haki ya njia, na jukumu la kumkwepa ni lako. Usisimame katikati ya njia au nyuma ya kilima usikoonekana, sogea pembeni. Ukikuta ajali, saidia, na ukihusika toa jina lako.

Njia hufungwa jioni, karibu saa kumi na nusu. Baada ya hapo hutoka mashine za kusawazisha theluji, nyingine zimefungwa kwa nyaya za chuma ambazo gizani hazionekani. Hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kila siku kwa daraja la 1 hadi 5, lakini kwa wiki yako ya kwanza jibu ni moja: usitoke nje ya vigingi hata kama umeona alama za skii za mwingine.

Hatua ya 10: Mezani, na spa

Mchana utakula mlimani. Supu ya shayiri ya Graubünden, jimbo lenye St. Moritz, ni nzuri, ila mara nyingi ina nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Fondue ya jibini hupikwa kwa divai nyeupe na huongezewa kirsch, pombe ya cheri; usidhani ni jibini tupu. Capuns, madonge ya unga yaliyofungwa kwa majani, kwa kawaida huwa na soseji ndani. Bündnerfleisch ni nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Pizzoccheri ni tambi za ngano nyeusi zenye kabichi, viazi na jibini, hazina nyama, na baada ya asubuhi ya kuanguka zinashibisha kama ugali. Keki ya karanga za walnati ya Engadin inunuliwe Hanselmann, duka la tangu 1894.

Kuchinja mnyama bila kwanza kumpoteza fahamu kumepigwa marufuku Uswisi tangu 1893, kwa hiyo nyama halali aghalabu huagizwa kutoka nje. Iarifu hoteli wiki mbili kabla. Jikoni za daraja hili huandaa bila manung'uniko, mradi zisistukizwe mezani.

Baadhi ya hoteli kongwe bado zinataka koti na tai katika ukumbi mkuu wa jioni. Kwa kanzu, uliza mapema kwa barua pepe. Heri jibu lililoandikwa kuliko mjadala mlangoni.

Kisha sauna. Kwenye Uswisi ya Kijerumani, sauna na chumba cha mvuke mara nyingi huingiwa bila nguo, wanaume kwa wanawake. Hakuna atakayekutazama, ila wewe unaweza kutazama ukuta wiki nzima. Uliza kama kuna sehemu ya wanawake peke yao, au sauna ya kuingia na vazi la kuogelea. Hoteli kubwa nyingi zinazo.

Bakshishi: huduma imo kwenye bili kisheria. Noti ndogo kwa mbeba mizigo na kwa mhudumu wa chumba cha skii inatosha.

Hatua ya 11: Siku ya kutoteleza

Panda treni ya Bernina hadi Tirano, Italia. Inapita mita 2,253 kwenye barafu na kushuka hadi mita 429 ambako kuna bustani za mizabibu, bila reli ya meno ya kuzuia treni isiteleze, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Beba pasipoti. Ukifika, kula, rudi.

Mwenye moyo mgumu aulizie Olympia Bob Run, njia ya sleji iendayo kijiji jirani cha Celerina, ya tangu 1904, inayojengwa upya kila mwaka kwa theluji na maji tu. Mgeni hukaa kati ya dereva na mshika breki, na kasi hufika karibu kilomita 130 kwa saa. Jirani yake, Cresta Run, mtu hushuka kifudifudi, kichwa mbele. Wanawake walizuiwa tangu 1929 hadi 2018. Hiyo mimi ningeitazama nikiwa nimesimama, kikombe mkononi.

Hatua ya 12: Kuondoka

Rudisha skii jioni ya mwisho ili asubuhi uwe huru. Ukinunua bidhaa za kuanzia faranga 300 katika duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi; kiwango cha kawaida ni asilimia 8.1, na kinachokurudia hupunguzwa na ada ya kampuni inayoshughulikia. Fomu hugongwa muhuri na forodha pale Zurich kabla ya kukabidhi mizigo, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe. Bili ya hoteli haimo kwenye mpango huo. Kwa hiyo ile saa ya mkononi uliyonunua, au lile jaketi la bei mbaya, lisizame chini ya sanduku, na ongeza saa moja kwenye ratiba yako ya uwanjani.